Nani Amesema Ndani ya Glasi?

Jumatatu, 8 Machi 1993

Leo nimeanza kufundisha sayansi darasa la viziwi. Sikuomba. Mwalimu aliyekuwapo ameacha kazi, sasa anauza mitumba Buguruni. Mwalimu Mkuu Gaudens alizungusha macho ofisi nzima mpaka akanifikia mimi, mgeni wa miezi miwili, nimeinamisha kichwa.

"Shamimu, wewe umesoma sayansi mpaka kidato cha sita. Halafu nasikia una uzoefu na hawa watoto."

Uzoefu! Niliwahi kumwambia, kwa kujaza maongezi tu, kwamba kaka yangu Mwishehe alikuwa kiziwi. Hakuuliza zaidi. Angeuliza ningemwambia kwamba Mwishehe hakukanyaga shule hata siku moja, na lugha ya mikono tuliyozungumza mimi na yeye tuliitunga wenyewe, kwenye mchanga nyuma ya nyumba yetu Kawe. Nilipokosea alama alinishika kiganja akakitikisa kama mtu anayekung'uta maji, kisha akanionyesha tena. Watu wawili tu duniani tuliijua lugha ile. Homa ilipomchukua, mwaka nilipomaliza kidato cha nne, nilibaki nayo peke yangu. Nikaikunja kama zinavyokunjwa nguo za marehemu.

Darasani nimekuta wanafunzi tisa, wote wamekalia mikono yao. Kweli wameikalia, viganja chini ya mapaja. Ni amri ya Mwalimu Auleria, anayewafundisha kutamka. Mama wa makamo, mrefu, rozari shingoni. "Mikono ikilala, mdomo unaamka," aliniambia. Nilimchukia papo hapo.

Jumanne, 9 Machi

Mwezi wa mfungo na joto la Temeke. Koo limekauka. Sikufundisha chochote cha maana.

Jumatano, 10 Machi

Nimefanya jaribio la mshumaa. Ni jaribio rahisi kuliko yote: washa mshumaa, ufunike kwa glasi, moto unazimika. Kwa nini? Niliandika ubaoni: *Kwa nini moto umezimika?* Nikasema kwa midomo mipana, polepole, kama nilivyoelekezwa.

Wakanitazama. Kisha msichana wa mstari wa mbele, Chausiku, akainuka. Ana miaka kumi na minne, macho makali, mmoja wa wale ambao huwezi kuwadanganya. Akaja mezani, akaweka mdomo wake kwenye glasi, akasema, "Pa!" Akanitazama. Akaonyesha ndani ya glasi, akaonyesha midomo yangu, akakunja uso kwa swali.

Darasa zima likaitikia kwa vichwa. Nilidhani ananidhihaki, nikamrudisha mahali pake.

Ijumaa, 12 Machi

Leo nimeelewa. Nina aibu, na pia nina kicheko ambacho sina wa kucheka naye.

Nilipita dirishani wakati wa somo la matamshi. Mwalimu Auleria alikuwa na mshumaa mezani, umewashwa. Mtoto anakaa mbele yake, anasema "pa". Akitamka sawasawa, pumzi inatoka kwa kishindo na moto unayumba au unazimika. Hapo Auleria anapiga makofi, anamshika mtoto shavu, na darasa zima linafurahi. Wamefanya hivyo tangu darasa la kwanza.

Kwa hiyo, kwa watoto hawa, mshumaa unazimika kwa sababu moja tu: mtu amesema vizuri. Chausiku hakunidhihaki. Aliniuliza swali la haki kabisa, pengine la haki kuliko yote niliyopata kuulizwa: *Nani amesema ndani ya glasi?*

Jumatatu, 15 Machi

Nimefunga mlango. Nimewaambia, kwa mikono: toeni mikono.

Hakuna aliyethubutu. Nikatoa yangu, ile lugha ya Kawe iliyozeeka, nikawauliza majina. Alama zangu si zao, ila mikono inayojua kusema inatambuana haraka. Chausiku alitazama mlango, akanitazama mimi, akatoa mikono yake chini ya mapaja kama mtu anayetoa kitu kilichoibwa. Baada ya dakika chache darasa lilikuwa kama soko. Kumbe wana lugha nzima! Wameiokota bwenini, chini ya madawati, kwa ndugu zao waliowatangulia. Wana alama za wali, deni, mwalimu mkali, mwalimu mkali lakini si sana. Hawana alama ya hewa. Nani angewapa? Hewa haionekani, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba ipo.

Alhamisi, 25 Machi

Idd. Nimekwenda Kawe kwa Mama. Pilau, kashata, na shikamoo kwa kila mlango. Mchana nilikaa nyuma ya nyumba. Ule uwanja sasa una ukuta wa tofali, jirani anajenga duka la vinywaji. Siku hizi kila mtu anajenga duka.

Hapo ndipo Mwishehe aliporusha tiara zake. Alizitengeneza kwa njiti za makuti na magazeti ya kaka yetu mkubwa. Upepo ukigoma alisimama, akainua mkono juu ya kichwa, akakunja kidole cha shahada kama ameshika uzi, akauvuta chini mara mbili. Maana yake: hewa, njoo. Baadaye ikawa ndiyo alama yetu ya hewa yoyote, ya feni, ya pumzi, hata ya puto. Ukivuta uzi na kitu kikakujibu, basi kitu kipo, hata kama hukioni.

Mama alinikuta nimeinua mkono peke yangu. Akaketi kando yangu, akauvuta uzi mara mbili, kimakosa, kwa kidole gumba. Kumbe na yeye alikuwa akitutazama miaka yote ile.

Jumatatu, 29 Machi

Nimewapelekea alama ya Mwishehe. Nilianza na mfuko wa nailoni: ufungue, uzungushe, ukaze mdomo wake, ubonyeze. Kuna nini ndani? Hakuna, walisema. Bonyezeni. Mfuko ukawasukuma. Kisha glasi yenye karatasi iliyokunjwa chini yake, niliizamisha kichwa chini kwenye ndoo. Karatasi ikatoka kavu. Chausiku aliishika, akaipitisha shavuni, akaipitisha kwa mwenzake Daniel, naye akaipitisha shavuni. Maji yalizuiwa na nini?

Nikainua mkono, nikavuta uzi mara mbili.

Mikono tisa ilivuta uzi. Ilinibidi nitazame ubaoni kwa muda.

Jumatano, 31 Machi

Mvua ya kwanza ya masika. Ilianguka juu ya mabati saa nne asubuhi na shule nzima ikaacha kufundisha, maana hakuna mwalimu anayeweza kushindana na bati. Walimu wakaketi, watoto wakaanza kelele zao.

Sisi tuliendelea. Nilikuwa naeleza kwa nini nguo hukauka, na ilinichukua muda kugundua kwamba ni darasa letu peke yake linalosoma. Nilipogeuka, Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama mlangoni, suruali imelowa magotini. Alitazama ile mikono yote hewani. Sikujua ameona nini. Akaondoka.

Ijumaa, 2 Aprili

Mvua. Glasi yangu imevunjika.

Jumatatu, 5 Aprili

Nimekuta mezani chupa mbili za jemu, moja kubwa na moja ndogo, zimeoshwa vizuri hadi karatasi zimebanduliwa, kimebaki kipande kimoja tu. Hakuna anayesema ametoa yeye. Mshukiwa wangu ni Daniel, anayependa kusifiwa kwa siri.

Jumanne, 13 Aprili

Baada ya Pasaka. Leo Mwalimu Mkuu ameniita. Matokeo ya mtihani wa majaribio wa wilaya yametoka na darasa langu limeanguka sayansi, wote. Nilijua. Maswali yameandikwa kwa Kiswahili cha vitabuni, na watoto hawa wanakisoma Kiswahili kama mimi ninavyosoma Kijerumani.

"Sina nia mbaya, Shamimu," alisema Gaudens. "Lakini wanaoshindwa hawasajiliwi mtihani wa la saba. Wastani wa shule ukishuka, wilaya itanitafuna mie, si wewe."

"Wanajua, Mwalimu. Waulizeni kwa mikono."

"Nani aulize? Nani ajibu? Wewe uulize na wewe ujibu?"

Akaniambia: mkaguzi wa wilaya atakuja mwezi Mei kuangalia darasa la viziwi. Mwanafunzi atakayeweza kumweleza jaribio moja la sayansi mpaka mkaguzi aridhike, atasajiliwa. Akishindwa wa kwanza, hakuna wa pili.

"Utamtoa nani?"

"Chausiku."

Jumatano, 14 Aprili

Baba yake Chausiku amekuja shuleni, Mzee Salumu, muuza mkaa wa Buguruni. Nilimwamkia, akaitikia huku anatazama chini. Amesikia kwamba binti hatafanya mtihani.

"Mwalimu, mie sikatai shule. Lakini kama hafanyi mtihani anakaa hapa afanye nini? Dada yangu yuko Goba, anaponda kokoto. Chausiku ana mikono yenye nguvu. Atakwenda huko."

"Asubiri mkaguzi, Mzee wangu. Mwezi mmoja tu."

"Haya. Mwezi mmoja." Akamtazama binti yake aliyekuwa amesimama upande wa pili wa uwanja. "Sijui hata nimwambieje. Mama yake ndiye alikuwaga anajua kuongea naye. Mie namwonyeshaga tu: njoo, nenda, kula."

Miaka kumi na minne, na maneno matatu.

Jumatatu, 19 Aprili

Nimegombana na Mwalimu Auleria ofisini, mbele ya walimu wenzetu. Asubuhi alinikuta nafundisha mlango ukiwa wazi.

"Umewafungulia mikono," alisema, na sauti yake ilikuwa ya uchovu kuliko hasira. "Hebu niambie, mwanangu. Akienda dukani kununua chumvi, mwenye duka ataelewa mikono? Akiumwa, daktari? Askari akimkamata? Utakuwepo wewe? Nimewazika wawili waliopita hapa, gari liliwapigia honi wasisikie, na mmoja alishindwa kusema hata jina lake hospitali. Mie nawapa 'pa' ili siku moja waweze kusema 'baba'."

"Na sayansi? Waijue kwa 'pa'?"

"Sijasema hivyo."

"Miaka kumi na miwili unawakalisha juu ya mikono yao!"

Wenzetu waligeukia madaftari. Auleria akasema, "Kumi na mitatu," akaenda zake.

Usingizi hauji upesi. Nilifikiri ningefurahi.

Alhamisi, 22 Aprili

Mvua. Watoto wa madarasa mengine wanachungulia madirishani, wanaigiza mikono yetu, wanapiga kelele "Bubu! Bubu!" Chausiku haoni tusi katika midomo yao. Anaona tu kwamba wamekosea alama, na amewasahihisha, mmoja mmoja, kupitia nondo za dirisha. Mwishoni walikuwa wanavuta uzi wa tiara vizuri kabisa.

Jumatatu, 3 Mei

Tumekaa tena na mshumaa, chupa kubwa na chupa ndogo. Ndogo inazimika kwanza. Chausiku ameeleza bila kusita: moto unakula hewa. Hewa ya ndani ikiliwa, moto unakufa kwa njaa. Chupa kubwa ina sahani kubwa.

Nikamkumbusha swali lake la Machi: nani amesema ndani ya glasi? Akaziba uso kwa mikono yote miwili, akacheka kwa ile sauti yake ambayo haijui kwamba ni nzito. Halafu akaniambia kitu ambacho nimekibeba siku nzima. Alisema, zamani nilifikiri kwamba watu wanaosikia wana hewa mdomoni, na sisi hatuna, ndiyo maana tunafundishwa.

Ijumaa, 7 Mei

Nimepita tena kwenye somo la matamshi. Safari hii nilisimama muda mrefu. Daniel alikuwa anahangaika na neno, jasho linamtoka, na mkono wake mmoja ukachomoka ukamuuliza jirani kitu. Auleria alikuwa akimtazama moja kwa moja. Aliuona. Akageuka kuandika ubaoni, akaandika polepole mno, mpaka mkono ule ulipopata jibu na kurudi chini ya paja.

Sasa sijui tena ninachokijua juu ya mama huyu.

Jumatatu, 17 Mei

Mkaguzi anakuja Jumatano. Mzee Salumu ametuma salamu kwamba atakuja siku hiyo hiyo.

Jumanne, 18 Mei

Nimelowa. Kiberiti kimelowa. Nimeomba kingine kwa jirani.

Jumatano, 19 Mei

Nataka kuandika yote kabla hayajapungua.

Mkaguzi alifika saa tatu, mtu mnene, mpole, mwavuli wake umegeuka nje ndani. Alikaa mbele ya darasa pamoja na Mwalimu Mkuu na Mwalimu Auleria. Mzee Salumu alikuwa barazani na gunia tupu la mkaa, limekunjwa vizuri. Nilijua ni la nguo za Chausiku.

Chausiku aliwasha mshumaa, akafunika kwa chupa ndogo, moto ukafa. Akaanza kueleza. Mimi nikasimama kando nikitafsiri kwa sauti: "Moto unakula hewa..."

Mkaguzi akainua mkono. "Samahani, Mwalimu. Mtoto anachezesha mikono, wewe unaongea kama kitabu. Nitajuaje yapi ni yake na yapi ni yako?"

"Ni yake yote, Mzee."

"Kila mwalimu husema hivyo. Ningekuwa wewe ningesema hivyo hivyo." Hakuwa na ubaya. "Yupo mwingine anayeelewa hizi alama? Mtu asiyemfundisha somo hili?"

Mwalimu Mkuu alitazama viatu vyake. Niliona gunia barazani, nikaona Goba, nikaona vidole vya Chausiku na nyundo ya kokoto.

"Mie naelewa," alisema Mwalimu Auleria.

Alisimama taratibu. Hakunitazama. "Nimewakataza miaka kumi na mitatu. Huwezi kukataza kitu usichokielewa. Ningejuaje kama wanasema wali au wananitukana?"

Mkaguzi akacheka, akanionyesha mlango. Nikatoka. Nikasimama barazani kando ya Mzee Salumu, tukachungulia kupitia nondo za dirisha. Na hapo mvua ikaanguka juu ya mabati.

Si mvua, ni mawe. Sikusikia tena kitu chochote, hata pumzi yangu. Niliona mikono ya Chausiku ikisema, wazi kama maandishi. Niliona mkaguzi anatoa swali. Niliona mdomo wa Auleria unafunguka na kufungika. Lakini anatafsiri vizuri? Anasema alichosema mtoto, au anasema anachotaka? Nikakaza macho kwenye midomo yake. Nilijaribu kwa nguvu zangu zote, mimi niliyesoma mpaka kidato cha sita, na Kiswahili ni lugha ya mama yangu. Sikupata hata neno moja. Midomo tu, inafunguka, inafungika. Na hicho ndicho tunachowadai wafanye kutwa nzima, huku wamekalia mikono.

Ndani, mkaguzi naye alikuwa hasikii. Alimsogelea Auleria, akatega sikio kwa kiganja, akatikisa kichwa. Auleria alipiga kelele, mishipa ya shingo ikasimama. Akatikisa kichwa tena. Akaonyesha dari, akaonyesha saa, na kwa moyo mzito nikaona anaanza kukunja karatasi zake.

Ndipo Auleria alipofunga mdomo.

Alichukua chupa kubwa na chupa ndogo, akaziweka mbele ya mkaguzi. Zile chupa za jemu. Alizishika kama mtu anayezijua, akazigeuza upande ambao karatasi ilikwama kidogo, na nikajua ni nani aliyeziosha. Akamgeukia Chausiku, akamuuliza kwa mikono yake mikubwa ya mama wa makamo, mbele ya darasa lote: ipi itazimika kwanza? Watoto tisa walisimama wima kama wamepigwa na umeme.

Chausiku akaonyesha ndogo. Kwa nini? Akainua mkono juu ya kichwa, akavuta uzi mara mbili. Ndani ya ndogo, kidogo. Ndani ya kubwa, nyingi. Akavuta pumzi, akaushika mkono wa mkaguzi, akauweka mbele ya pua yake mwenyewe ili aisikie, akavuta uzi tena. Hii. Akaonyesha moto. Unakula hii.

Mkaguzi akatazama kiganja chake. Kisha akamtazama Auleria, na Auleria akainua mkono wake juu ya ile rozari, akakunja kidole, akavuta uzi wa Mwishehe mara mbili.

Walifunika mishumaa miwili. Ndogo ikazimika kwanza.

Mkaguzi hakungoja mvua. Akachukua chaki, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa ili wote wasome: ASAJILIWE. Akafikiri kidogo, akaongeza mbele yake: na wenzake wajaribiwe hivi hivi.

Mvua ilipopungua Mzee Salumu alinishika mkono wa nguo. "Mwalimu, amesema nini mwanangu? Nimeona kila kitu, sijaelewa hata kimoja."

Nilifungua mdomo kumweleza. Nikaufunga. Nikainua mkono juu ya kichwa nikamwonyesha, naye akaweka gunia chini na kujaribu. Chausiku alikuwa ametoka, amesimama mbele yake. Mzee alivuta uzi vibaya, kwa kidole gumba, mara moja tu.

Chausiku akacheka. Akamshika baba yake kiganja, akakitikisa kama anayekung'uta maji, akamwonyesha tena.